Arudhi ya Taa 25

Ukikishika kibao cha micro:bit kwa mara ya kwanza, macho hayaendi kwenye prosesa. Yanaenda usoni. Juu kuna alama ya yai lililolazwa lenye nukta mbili, ambazo mtoto yeyote atakwambia ni macho. Kushoto kitufe A, kulia kitufe B. Katikati taa ndogo nyekundu 25, tano kwa tano. Ukingo wa chini una meno ya rangi ya dhahabu, na matano kati yake ni mapana, yametobolewa matundu: 0, 1, 2, kisha la umeme wa volti 3 na la GND, njia ya umeme kurudi. Kitu chote kina upana wa sentimita 5 hivi na kimo cha sentimita 4 na kidogo, na hakina ganda. Kigeuze nyuma: toleo la kwanza limechapishwa majina ya viungo vyake, hapa prosesa, hapa dira, hapa kihisio cha mwendo. Simu zetu huficha matumbo yao kwa gundi na skrubu za ajabu ajabu. Hiki kimejiandikia tanbihi mgongoni.

BBC ilianza kukigawa bure Machi 2016 kwa wanafunzi wa Uingereza wa miaka 11 na 12, kwa lengo la kufikia vibao milioni moja. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu manufaa yake: ajira za kesho, hisabati, wasichana na sayansi. Hayo ni maudhui. Fani haijapata msomaji wa kutosha, na kwa maoni yangu ndiyo inayofundisha. Kibao hiki ni mwalimu bora pale kinapombania mtoto. Pale kinapomrahisishia mambo, mara nyingi kinamnyima somo bila yeye kujua.

Kina babu yake. Mwaka 1981 BBC ilishirikiana na kampuni ya Acorn ya Cambridge kutoa kompyuta ya BBC Micro kwa ajili ya shule na majumbani. Ukiiwasha, ilikuwekea alama ndogo ya kusubiri, ikanyamaza. Unaandika sentensi ya lugha ya BASIC, inakujibu hapo hapo. Ukikosea, inakwambia umekosea. Ilikuwa ngonjera. Wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, ndio waliobuni prosesa ya ARM, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na ndani ya micro:bit mna prosesa ya ukoo huo huo. Damu ipo, ila ngonjera imekatika. Micro:bit haina kibodi wala mahali pa kujibizana. Programu inaandikwa kwenye kompyuta, inapakuliwa kuwa faili, inapelekwa kwa waya wa USB, ndipo kibao kinaamka nayo. Kikiishiwa kumbukumbu (na toleo la kwanza lilikuwa na kilobaiti 16 tu) hakikuambii neno. Kinakuonyesha uso wa huzuni, kisha namba 020, ukaitafute maana yake kwingine. Anayetaka majibizano ya zamani anaweza kuyapata kupitia lugha ya MicroPython, kazi ya Damien George, lakini watoto wengi hawaanzii huko.

Tuanze na zile taa. Anayetunga shairi la mizani 16 kwa mstari hachagui maneno peke yake. Mizani nayo inachagua, na mara nyingi inachagua vizuri kuliko yeye. Taa 25 zina ukali wa namna hiyo. Herufi moja inaenea, mbili hazienei. Neno zima lazima lipite likitembea kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa mwendo wa kawaida wa MakeCode, kihariri ambamo programu hujengwa kwa kuunganisha vipande viitwavyo bloku, kila herufi inachukua karibu sekunde moja. Jina la Mwanaisha linakula muda wa kuchosha. Mtoto anajifunza ufupi wa maneno bila kuhubiriwa.

Picha ndiyo ngumu zaidi. Mwambie mtoto achore twiga. Anaanza na madoa, anagundua madoa hayana pa kukaa; anajaribu mkia, nao haupo. Katika orodha ya MakeCode ya picha zilizokwisha kutengenezwa mna twiga, na inafaa kumsoma taratibu. Safu ya pili imewaka yote, kutoka juu hadi chini: shingo na mguu wa mbele ni mstari mmoja usiokatika. Taa moja imechomoza kushoto kule juu, hicho ni kichwa. Katika mstari wa nne zimeongezwa taa mbili kuelekea kulia, huo mgongo, na chini ya ya mwisho imewekwa moja, mguu wa nyuma. Jumla taa 9. Zilizobaki 16 zimezimwa, na safu ya mwisho kulia ni giza tupu. Mchoraji amejiuliza ni nini kikiondolewa twiga anaacha kuwa twiga, akakuta ni urefu, basi akaitoa mhanga miguu miwili, mkia, masikio na ngozi nzima. Katika kompyuta nzima hakuna ustadi unaohitajika kuliko huo wa kujua cha kuacha.

Kwa hiyo ile orodha naiona ni hasara. Mtoto akiifungua, twiga anamkuta tayari, moyo tayari, nyumba tayari. Anabofya, taa zinawaka, anapigiwa makofi. Kazi yote ya kuamua imefanywa na mtu mwingine huko Ulaya au Marekani. Wiki za mwanzo ningeifunga, nikamwachia bloku ile yenye viwanja 25 vitupu, ahangaike.

Na hizo bloku zenyewe ni utanzu wenye kanuni. Ukurasa wa MakeCode, kihariri cha Microsoft kinachofunguka ndani ya kivinjari, haufunguki mtupu. Bloku mbili za buluu zimeshatangulia: moja inasema fanya haya unapoanza, nyingine inasema fanya haya milele. Mtoto hajaandika lolote, tayari kapewa mpango wa wakati: kuna lililotokea mara moja, na kuna lisilokoma. Arduino, kibao kingine kilichotoka Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu, kina mpangilio huo huo wa sehemu mbili. Ni tofauti kubwa na mazoezi ya kompyuta tuliyozoea, yanayoanza, yakatoa jibu, yakaisha. Programu ya kibao haitoi jibu. Inakaa macho mpaka betri ziishe, ikisubiri mtu abonyeze, atikise, aguse.

Maumbo ya bloku yamerithiwa kutoka lugha ya Scratch, iliyotoka mwaka 2007 katika maabara ya MIT (na ambayo siku hizi unaweza kuitumia kwa Kiswahili). Bloku ya ukweli (ndiyo au siyo) ina ncha kali pande mbili. Ya namba ina mabega ya mviringo. Na tundu la kupokea ukweli limechongwa kwa ncha hizo hizo. Sentensi mbovu haitamkiki, maana vipande havishikani. Kuna wazee wa fani wanaolalamika kwamba hiyo si kuprogramu, ni kuchezea vipande. Siwaungi mkono. Mtoto wa miaka 9 aliyepoteza saa nzima kwa sababu ya mabano yaliyosahaulika hajajifunza chochote zaidi ya kuchukia mabano. Sarufi ikishughulikiwa na maumbo, linalobaki ni kosa la maana, na hilo ndilo kosa lenye faida.

Shida ya bloku iko kwingine: maneno yaliyoandikwa juu yake ni makubwa kuliko yanachofanya. Ili kuliona hilo, chukua zoezi mashuhuri la kuhesabu hatua. Umbo lake la kwanza lina sentensi mbili tu. Unapoanza, jina "hatua" lipewe 0. Ukitikiswa, ongeza 1 kwenye "hatua", kisha onyesha namba. Kifunge kibao kwenye kifundo cha mguu kwa soksi, chomeka pakiti ya betri mbili, tembea.

Hadi hatua ya 9 mambo ni shwari, kwani tarakimu moja inaenea. Ya 10 inatibua. Sasa namba lazima ipite ikitembea, na kupita kwake kunamaliza sekunde mbili hivi, wakati mguu wenyewe haujasimama. Ukitupa jicho unaona 11 inapita na wewe umeshafika ya 14. Kadiri unavyokazana ndivyo tangazo linavyozidi kubaki nyuma. Mtoto anasema kimeharibika. Hakijaharibika. Bloku ziko sawasawa, hesabu iko sawasawa. Kasoro ni ya kiutunzi: kuhesabu na kutangaza vimewekwa katika pumzi moja, na cha pili kinakikanyaga cha kwanza visigino.

Dawa yake ni kuvitenganisha. Kuongeza 1 kubaki ndani ya mtikiso. Kuonyesha kuhamie chini ya kitufe A, atakayetaka kujua aulize. Mwanafunzi aliyefanya uhamisho huo kwa mkono wake ameelewa jambo ambalo waandishi wa programu za benki hulipwa kulijali: kutunza habari ni kazi moja, kuionyesha ni kazi nyingine. Nani kamfundisha? Ufinyu wa taa. Kibao kingekuwa na skrini ya simu, namba 10 ingeandikwa papo hapo, 100 pia, na wazo hilo lisingepata mlango wa kuingilia. Ndiyo maana sina hamu na vifaa vya kufundishia vinavyojisifu kwa skrini za rangi.

Hesabu ikishatulia, inakuja zamu ya lile neno "ukitikiswa". Mtoto anatembea hatua 20 akizihesabu kwa mdomo, anabonyeza A, anapata 13. Mwenzake anayekanyaga kwa kishindo anapata 27. Nani muongo? Kibao hakijui mguu. Kinajua msukumo tu, na mtu fulani, mahali fulani, aliamua msukumo wa kiasi gani uitwe mtikiso. Bloku nyingine, ya nguvu ya mwendo, inafichua siri. Kiweke kibao mezani, kitulie tuli, soma namba: karibu 1000. Kitu kilicholala kinadai kinasukumwa! Hapo ndipo mvuto wa dunia, uliokuwa sura ya kitabu, unakaa juu ya dawati na namba yake. Mtoto sasa anaweza kuandika sharti lake mwenyewe: nguvu ikizidi 1500, hiyo ni hatua. Akijaribu 1300 anapata nyingi mno. Akijaribu 2000 bibi yake anayetembea polepole anahesabiwa hajatoka nyumbani. Kumbe "hatua" ni uamuzi wa mtu. Mashine haikuikuta barabarani. Saa za mkononi zinazotusifu kwa hatua 10,000 zimejengwa juu ya uamuzi wa aina hiyo, na hazituonyeshi.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria na mmoja wa waanzilishi wa lugha ya Logo mwaka 1967, alimtaka mtoto ajitie ndani ya mwili wa kobe wa kwenye skrini: ningekuwa mimi kobe, ningepinda wapi? Zoezi la hatua limeipindua safari hiyo. Hapa mwili ni wa mtoto, na programu ndiyo inayopaswa kujitia ndani yake. Inashindwa, na kushindwa kwake ndiko kunakofundisha.

Sasa geuza macho upande wa kushoto wa ukurasa wa MakeCode. Kuna micro:bit nyingine, ya kuchorwa, inayoigiza ile ya kweli. Ukiandika bloku ya mtikiso, kibao hicho kinaota kitufe cha kutikisa. Bofya mara moja, mtikiso mmoja. Bofya mara 20, 20 kamili. Hatua za bandia ni safi, hazina kishindo wala bibi. Programu iliyokuwa na kasoro mguuni inafaulu skrinini, na lile swali la nani kaamua nini halizuki kabisa.

Pini, yaani yale meno ya ukingoni, ni mfano mkali zaidi. Kuna bloku inayosema pini 0 ikiguswa, fanya jambo. Kwenye kibao cha kuchorwa unabofya pini kwa kipanya, jambo linatokea. Kwenye kibao cha kweli unaigusa pini 0 kwa kidole na hakuna kitu. Unagusa tena, unabonyeza, unakandamiza. Kimya. Mpaka kidole cha mkono wa pili kishike lile jino la GND, ndipo kinaitika, tena unapoachia. Umeme ulitaka kurudi, nawe hukuupa njia. Sasa mwili wako ni waya. Watoto watano wakishikana mikono, wa kwanza kashika pini na wa mwisho kashika GND, saketi inapita katika viganja vyote, na akiachia mmoja inakatika. Bloku imeandikwa "ikiguswa" kana kwamba kugusa ni tendo la upande mmoja. Meno ya ukingoni yanajua zaidi, na ubishi wao ni somo la umeme ambalo neno la bloku lilikuwa limelifunika.

Nimekaa hapa kwa sababu suala hili linatugusa. Kenya, kupitia taasisi yake ya mitaala KICD, iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kuprogramu kwa shule za msingi na sekondari, na mjadala wa Afrika Mashariki umekuwa wa vifaa: vingapi, vya nani, kwa fedha gani. Kibao kinauzwa, kibao cha kuchorwa ni bure, na ukurasa ukishafunguka mara moja unaweza kuendelea hata intaneti ikikatika. Shule isiyo na fedha itachagua cha bure, na sidhani kama kuna wa kuilaumu. Ila mwalimu ajue anachokosa. Anachokosa si waya na taa. Ni ule ukaidi. Darasa lenye vibao viwili vya kuzungushana, ambapo kila programu lazima ivushwe kutoka skrinini hadi mguuni kabla ya kuitwa imekamilika, lina somo zito kuliko maabara ya kompyuta 40 zisizo na kibao hata kimoja.

Mtihani mdogo wa mwisho wa maneno ya bloku ni joto. Ipo bloku inayoitwa joto, inatoa nyuzi za selisiasi. Mtoto anaiamini na kuandika kwamba darasani kuna nyuzi 29, wakati kipimajoto cha ukutani kinasema 26. Micro:bit haina kihisio cha joto la hewa. Inapima joto la prosesa yake na kulitoa kana kwamba ni la chumba. Wahakiki wa riwaya wanamfahamu msimulizi huyu asiyeaminika: hadanganyi, ila anasimulia ya moyoni mwake akidhani ni ya dunia. Somo zuri la sayansi lingeanzia hapo, kwa kuwauliza watoto msimulizi anazidisha kwa nyuzi ngapi, na je, kila siku kiasi hicho hicho? Mwanga unapimwa kwa hila ya kupendeza zaidi: zile zile taa 25 zinageuzwa kwa kitambo kidogo mno kisichoonekana, umeme ukizielekea kinyume, zikawa macho, kisha zikarudi kuwaka. Kinachoonyesha ndicho kinachotazama. Bloku inasema tu: kiwango cha mwanga, 0 hadi 255.

Oktoba 2020 lilitangazwa toleo la pili. Prosesa ina kasi zaidi, kumbukumbu imepanda kutoka kilobaiti 16 hadi 128, pameongezwa maikrofoni na spika, na ile alama ya uso kule juu imepakwa dhahabu ikawa ya kugusa. Wengi waliona ni ukombozi, na kwa mwalimu mwenye watoto 50 na waya chache ni ukombozi kweli. Mhakiki wa fani atauliza kilichotoka. Katika toleo la kwanza, muziki haukutoka ndani ya kibao. Ulichukua vipokea sauti vya masikioni, ukabana ncha ya plagi yake kwa waya uliotoka pini 0, ukabana shina lake kwa waya wa GND, na mguso ukilegea wimbo unakatika katikati. Mtoto aliyesikia sauti alikuwa ameijengea barabara. Katika toleo la pili anaweka bloku ya wimbo, wimbo unalia. Vivyo hivyo ile alama ya dhahabu: inaitika kwa kidole kimoja, bila GND, kwa namna ya skrini ya simu. Neno "ikiguswa" limepata hatimaye kitu kinacholitii, na saketi imerudi mafichoni.

Waliounda toleo hilo hawakuufunga mlango. Katika MakeCode kuna bloku ya kuzima spika ya ndani, na ukiizima sauti bado inatoka kwenye pini 0 kama zamani. Mwalimu wa somo la muziki ningemshauri aanze na bloku hiyo, agawe waya mbili mbili na vipokea sauti vya bei rahisi, na spika asiiwashe mpaka kila kikundi kiwe kimesikia wimbo wake ukikatika angalau mara moja.